Ulimi wa Papa Dido

Siku mliponikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu alisimama akasema Bi Zuhura atuandikie kitu, maana amepika Birmingham hii tangu sisi tuko shule ya msingi. Mkapiga makofi. Nadhani mlitaka mapishi, au yale maneno ya kutia moyo ambayo watu huyabandika ukutani juu ya sinki. Sina. Miaka yangu ya mwisho, niliyokaa nanyi katika jiko la hospitali, nilikuwa nikipasha moto chakula kilichokuja kimeganda, nakichoma kipimajoto, naandika nambari kwenye karatasi. Kazi hiyo mnaijua kunishinda. Nitakayoandika ni ya kabla ya hapo, miaka sita niliyopika kwa Madame, hapohapo mtaani Harborne, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwenu. Ndiyo miaka pekee niliyopika kweli, na niliimaliza vibaya. Atakayetaka kucheka asome mwanzo tu.

Nilianza mwaka 2001, nikiwa na miaka hamsini na miwili, mjane, ninaishi Stechford, upande wa pili wa jiji, na binti yangu Rahma. Nilikuwa nimechoka kufagia maofisi mjini. Nikaona karatasi kwenye dirisha la mkahawa mmoja: anatakiwa mtu wa kuosha vyungu. Mkahawa wenyewe ulikuwa na meza nane. Mwenyewe alikuwa Mfaransa, Madame Odile, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kiume, aliyekuja Uingereza kwa ajili ya mume kisha mume akaondoka, yeye akabaki. Aliniangalia kutoka viatuni hadi kwenye mtandio, akanionesha sinki.

Sikukaa sana kwenye sinki hilo. Siku yangu ya kwanza mtu wa kumenya vitunguu hakuja. Madame akanivuta mezani, akaniwekea kitunguu kizima na kibakuli cha karafuu, akanionesha kwa vidole: chomeka, moja, mbili, tatu, kitunguu kiende kwenye supu ya mifupa. Nikatazama kile kibakuli nikataka kucheka. Mimi ni mtu wa Pemba. Nimechuma karafuu kabla meno yangu ya utu uzima hayajaisha kuota. Nimezianika, nimezichagua, nimelala juu ya magunia yake. Nikainusa moja, nikamwambia Madame kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba hizi zimekufa. Akaniuliza zimekufaje. Nikaichukua moja nikaibinya kwa ukucha, haikutoa hata dalili ya mafuta. Karafuu nzima ukiibinya kichwa chake hutoa mafuta. Akabinya na yeye. Akabinya ya pili, ya tatu, kisha akakimimina kibakuli chote kwenye pipa. Kesho yake nilikuta mtu mwingine sinkini, na mahali pangu pakawa mezani. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika upishi wa Kifaransa, kwa ukucha.

Sasa niwaeleze jiko lenyewe, maana watu walikuwa wakitoka mbali kuja kulitazama. Halikuwa jiko la Harborne. Lilitoka Ufaransa, shambani kwa nyanya yake Madame, kipande kwa kipande. Mama yake alipouza ile nyumba kwa watu waliotaka kuchimba bwawa la kuogelea, Madame alikodi lori akaleta kila kitu: meza ya mwaloni, vyungu vya shaba nyekundu kumi na saba, na jiko la chuma, jeusi, zito, ambalo wanaume sita walilisukuma ndani baada ya kubomoa ukuta wa nyuma. Meza ile ilikuwa na kishimo upande mmoja, pale vizazi vitatu vya wanawake walipokandia unga. Vyungu wakati wa vita viliteremshwa kisimani kwa kamba ili wanajeshi wasivichukue wakaviyeyusha, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa na bonde ubavuni kwa kugonga mawe ya kisima. Madame aliwasimulia wageni habari ya kisima kila siku. Niliisikia mpaka ningeweza kuisimulia kwa Kifaransa, na Kifaransa sikijui.

Nilipenda kupika pale kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote. Ninaliandika hili wazi kwa sababu yatakayofuata yanaweza kuwafanya mdhani sivyo. Nilipenda asubuhi, jiko likianza kupata moto na chuma kinalia taratibu. Nilipenda siagi ikiyeyuka kwenye shaba, inapoacha kutoa povu na kuanza kunukia karanga. Hapo una muda wa kutia kitunguu, ukichelewa imeungua. Nilipenda kukanda mkate pale kwenye kishimo, maana mkono wako unakaa walipokaa mikono ya wengine na unga unajua pa kwenda. Vitunguu vyao walivipika saa nzima kwa moto mdogo. Kwetu ungeambiwa umelala. Lakini vilikuwa vikigeuka rangi ya asali, na jiko zima linanyamaza, na mimi nimeshika mwiko sina haja na mtu.

Aliyenifundisha ni Papa Dido. Jina lake lilikuwa Dieudonné, Mkongo wa Lubumbashi, mfupi, mwenye tumbo dogo aliloliita diploma. Alikuwa mpishi mkuu wa Madame, mtu aliyeishi na Kifaransa cha jikoni na Kiswahili chao, na Kiingereza kidogo cha kununulia tiketi. Siku ya kwanza tulipogundua tunaelewana alikaa chini kwa furaha. Kiswahili chake kilikuwa kikinichekesha na changu kilikuwa kikimchekesha. Aliniambia mimi nazungumza kama redio ya zamani.

Tatizo letu lilikuwa moja, nalo lilijulikana tangu wiki ya kwanza. Nusu ya michuzi ya Madame ilikuwa na divai. Kuku wake hakuwa wa kuchinjwa nijuavyo mimi, na upande wa mwisho wa meza palikuwa na nguruwe. Nilikuwa Mwislamu na sikuwa tayari kuwa kitu kingine. Nguruwe tuliafikiana mara moja: ni wa Papa Dido, na ubao wake, na kisu chake. Lakini mchuzi ungeupikaje usiuonje? Papa Dido akafikiri, akasema, "Mama Zuhura, weye uko na pua. Miye niko na ulimi. Tuko mpishi moja."

Ikawa hivyo kwa miaka sita. Divai ikiingia chunguni hunukia ukali unaopanda puani, kisha hugeuka uchachu, kisha kama dakika ishirini baadaye uchachu unakata na harufu inakuwa nzito, tamu kidogo, inakaa chini. Mimi nilikuwa nikisimama juu ya chungu nikisema bado, bado, sasa. Papa Dido alikuwa akija na kijiko chake, anaonja, anatulia, anatia chumvi kwa vidole, anaonja tena, kisha ananiitikia kwa kichwa. Chumvi haina harufu. Hiyo ilikuwa yake peke yake. Na nikisema ukweli, katika kazi ile yote nilikuwa nikikingoja kile kichwa kiiname. Mpishi mwingine hufurahi anapoonja chakula chake. Mimi sikupata kuonja hata mara moja vyakula nilivyovipika vizuri kuliko vyote maishani mwangu. Furaha yangu ilikuwa imewekwa kichwani kwa Papa Dido.

Sheikh sikumuuliza. Nilijua nitakachojibiwa, na nilitaka kuendelea na kazi. Rahma alikuwa akifungua mlango jioni anasema, "Mum, you smell like a pub," yaani nanuka kama baa, nami namwambia kwa Kiswahili ni mchuzi tu, ananijibu kwa Kiingereza kwamba pub pia wana mchuzi. Nilikuwa naning'iniza koti nje ya mlango wa nyuma. Chakula changu cha mchana nilikibeba kutoka nyumbani, maharage na chapati, na Papa Dido alikuwa akinionea huruma, halafu ananimalizia.

Mwaka wa tano Papa Dido aliugua. Sauti ilianza kukwaruza, kisha akapata uvimbe kooni, kisha ikawa hospitali na tiba ya mionzi, wiki nyingi. Madame mwenyewe alishuka kuonja badala yake. Alionja kwa haraka na kusema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Papa Dido aliporudi alikuwa amebaki nusu. Ile diploma ilikuwa imekwisha kabisa na kola ya shati ilikuwa inamzunguka shingo. Lakini alirudi, akafunga aproni mara mbili kiunoni, akachukua kijiko chake, akaonja, akaitikia kwa kichwa. Nililia kidogo nikasingizia vitunguu.

Baada ya wiki kadhaa, sahani zilianza kurudi. Si nyingi. Mteja mmoja aliacha supu, mwingine aliomba maji mara tatu. Nilidhani ni wateja. Papa Dido alikuwa akitia chumvi kwa vidole kama zamani, na vidole vyake havikuwahi kukosea. Kumbe ile chumvi ya mawe ya kijivu aliyokuwa Madame akiagiza ilikuwa imekwisha, akajaza chombo kilekile chumvi laini ya dukani. Ukichota vidole vitatu vya chumvi laini unatia nyingi zaidi. Mtu anayeonja atagundua siku hiyohiyo.

Niligundua kwa chai. Asubuhi moja ya baridi nilitengeneza vikombe viwili, na kwa kuwa vile vyombo vya Madame vilifanana vyote, nilitia chumvi nikidhani sukari, vijiko viwili kwa kila kikombe, maana sote tulipenda chai ya sukari. Papa Dido alikunywa chake huku anachambua njegere. Alikunywa mpaka mwisho. Mimi nilipopiga funda la kwanza nililikimbilia sinki. Nikageuka nikamwona anafuta midomo.

"Papa Dido, chai umeionaje?"

"Nzuri, Mama. Aksanti."

Nikamwonesha kile chombo. Alikitazama muda mrefu. Kisha akaenda akafunga mlango wa jiko, akarudi, akakaa.

"Kila kitu ni maji," akasema. "Toka ile radiation. Nyama ni maji, mukate ni karatasi. Docteur alisema itarudia, peut-être, labda. Haijarudia."

"Na unaitikia."

"Nafanya nini sasa? Ulimi njo kazi yangu. Madame akijua, mpishi mwenye hana ulimi atamuweka wapi? Usimwambie, Mama Zuhura. Miye niko na batoto bine kule nyumbani, na miaka yangu hii nani atanichukua? Usimwambie."

Nikamwahidi. Sikufikiri hata kidogo, ahadi ilitoka kama mtu anavyodaka kikombe kinachoanguka. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa kwa ajili yangu pia, maana bila yeye mimi pale nilikuwa pua tu, na hakuna mkahawa unaoajiri pua.

Kuanzia hapo tukawa tunapima. Palikuwa na mzani wa zamani wa nyanya yake Madame, wenye mawe ya shaba, uliokuwa umewekwa dirishani kama pambo. Tulipanga kila mchuzi na uzito wake wa chumvi, tukaandika kwenye karatasi ngumu ya boksi nyuma ya mlango wa stoo, kwa Kiswahili ili Madame asisome. Sahani zikaacha kurudi. Mbele ya watu Papa Dido aliendelea kuonja na kuitikia, na mimi niliendelea kungoja, kama waigizaji wawili. Madame alisema tumerudi kuwa sawa. Lakini mimi furaha iliniondoka. Nilikuwa nikimwona anainamisha kichwa nikijua kichwa hakina kitu, na bado moyo ulikuwa unarukia pale kwa mazoea, kisha unakumbuka. Kila siku, mara ishirini kwa siku. Sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kuchoka.

Mwisho ulikuja mwaka 2007, siku ya Jumapili ambayo mkahawa ulifungwa kwa wageni. Mama yake Madame alikuja kutoka Ufaransa. Alikuwa amepita miaka themanini na mitano, miguu imemwishia, na daktari alikuwa amemwambia asisafiri. Alikuja kwa sababu alitaka kuliona jiko lake kabla hajafa. Alisema hivyohivyo, bila kulalamika. Na alitaka kula kuku wa divai aliyepikwa kwenye kile chungu chenye bonde, chungu alichokuwa akiwapikia wachuma zabibu tangu akiwa msichana.

Madame hakulala wiki nzima. Alisugua shaba mwenyewe kwa ndimu na chumvi. Sisi tulianza kupika asubuhi. Papa Dido alipima chumvi mbele yangu, akaitia kuku alipokuwa anakaangwa, kama karatasi yetu ilivyosema. Nikamwaga divai, nikasimama juu yake, bado, bado, sasa. Nilipoambiwa nikalete uyoga nikaenda stoo. Niliporudi nilimwona Madame amesimama penye chungu. Alikuwa anarudisha mfuniko, na mkono mwingine anaufuta kwenye aproni, kiganja chote, kama anavyofuta mtu aliyeshika chumvi. Kwa kawaida Madame hakuwa akigusa vyungu vyetu vikiwa motoni. Lakini siku hiyo mama yake alikuwa juu chumbani, na nadhani mikono ilimshinda kutulia. Hakuniona. Akapanda ngazi kwenda kumleta.

Nikamwambia Papa Dido, "Madame ametia chumvi. Nimemwona."

Akachukua kijiko, akachota mchuzi, akautia mdomoni. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa na Madame akaingia taratibu, mama yake amemshika mkono. Papa Dido akanitazama na kijiko bado kiko mdomoni. Kisha akaitikia kwa kichwa. Kilekile, polepole, macho yamefumba kidogo.

Mimi pia nilichota. Niwaambie hili kama lilivyokuwa. Nilikileta kijiko mpaka mvuke ukanigusa mdomo wa juu. Tone moja lingeniambia kila kitu. Nikajiambia ni divai, ni haramu, Mungu ananiona, nikakirudisha. Siku nyingine zote za miaka sita sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Siku ile ilikuwa uongo. Sikuonja kwa sababu nilijua nitakachokikuta, na nikishakikuta ningelazimika kusema mbele ya Madame, naye angeuliza kwa nini Papa Dido ameonja akaitikia. Kwa hiyo nilitia upawa mmoja wa maji na kiazi kilichomenywa, kwa kubahatisha. Kiazi hakisaidii. Msimwamini mtu anayewaambia kinasaidia.

Bibi, yule mama yake Madame, hakutaka kwenda kwenye meza za wageni. Alikaa pale mezani jikoni, akapitisha mkono kwenye kile kishimo cha kukandia, akacheka peke yake. Tukampakulia. Alikula kijiko cha kwanza akaacha kutafuna. Akameza. Akala cha pili na cha tatu, akanywa maji, akaweka kijiko chini vizuri, pembeni ya sahani. Madame akavuta sahani ile akaonja, na nikaona wekundu unampanda kutoka shingoni.

Yule mama hakukasirika. Alisema neno moja refu kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, akitazama jiko. Nikamnong'oneza Papa Dido, "Amesema nini?"

"Anasema aksanti," akanijibu, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Madame akatugeukia, akasema kwa Kiingereza, "Mama anauliza ni nani kati yenu aliyepoteza ladha."

Jiko lilikuwa linalia chuma chake. Sikuthubutu kumtazama Papa Dido. Niliitazama sahani, yule kuku mzuri, rangi yake kama inavyotakiwa, harufu yake sikuwahi kuitengeneza vizuri namna ile. Niliwaza wale watoto wanne. Niliwaza anaingia hospitali tena. Nikasema, "Ni mimi. Mimi sionji, Madame. Unajua sionji."

"Hilo nalijua miaka sita," Madame akasema. "Silo nililouliza."

"Ni mimi," nikarudia.

Bibi alinitazama, kisha akamtazama Papa Dido, muda mrefu. Kisha akaomba arudishwe juu.

Hakuna aliyenifukuza. Nilivua aproni mwenyewe, nikaikunja, nikaiweka kwenye kiti. Nilipofika mlangoni nilisimama kidogo kufunga koti, na nilivivuta vile vishikizo kuliko ilivyohitajika, nikingoja Papa Dido aseme neno. Hakusema. Njia nzima, kwenye basi hadi mjini na kwenye treni hadi Stechford, nilikuwa na hasira naye kuliko niliyowahi kuwa nayo kwa mtu. Nilikuwa nimempa jiko lile lote, naye amelipokea kimya kama anavyopokea mtu chenji.

Baada ya siku tisa nikasikia ameacha kazi. Alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala moja. Alinipigia simu mara moja. Niliona namba yake, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza, nikasema moyoni atapiga tena. Hakupiga. Mkahawa haukumaliza mwaka. Vyungu viliuzwa kimoja kimoja, na lile jiko la chuma, kwa kuwa halikuweza kupita mlangoni na hakuna aliyetaka kubomoa ukuta mara ya pili, lilikatwa vipande. Bibi alikufa Ufaransa kabla ya hayo yote, nashukuru hakuyaona. Mimi nikaja kwenu, kwenye vipimajoto.

Papa Dido alikufa mwaka 2008. Ule uvimbe ulirudi. Waliniambia alikuwa amelala katika hospitali yetu, wodini, ghorofa tatu juu yetu, wiki mbili. Inawezekana nilipasha moto chakula chake. Sikujua.

Msiba ulikuwa Stechford, katika ukumbi wa kanisa lao, si mbali na kwangu. Wanawake wa Kikongo walipika sombe, kisamvu chao, na samaki. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Madame alikuja, amezeeka, nywele hakuzipaka tena rangi. Aliniona akaja akakaa pembeni yangu.

"Siku aliyoacha kazi aliniambia yote," akasema. "Ulimi, mzani, karatasi nyuma ya mlango. Na chumvi yangu."

Nikamuuliza kwa nini yeye hakunipigia.

"Nilikuwa nimekasirika. Mlinidhania mtu wa kutupa watu. Unajua kwa nini mama aliuliza? Nyanya yangu alipoteza ladha uzeeni. Hakuacha kupika. Mimi nilikuwa nikitoka shule nakaa kwenye kigoda kando ya lile jiko, namwonjea. Bado, nyanya. Inatosha, nyanya. Miaka saba, mpaka alipokufa. Mama alipokula yule kuku alidhani ni jambo lilelile. Alitaka kujua ni nani, ili mimi nijue nikae kando ya nani, nimwonjee."

Nilisema hakuna aliyetueleza hivyo. Nilisema angetueleza palepale, kabla sijavua aproni, Papa Dido angesema.

"Alikuwa anasema," Madame akanijibu. "Mimi nilikuwa namtazama. Alishafungua mdomo. Wewe ukasema ni mimi, naye akaufunga."